Kitambaa cha Nta kwenye Tangi la Dizeli

Juu ya lori tulikuwa watu kumi na tisa, kuku wengi, mbuzi mmoja, na kitanda cha kamba cha mama mkwe wangu. Majina ya wote ninayo mpaka leo. Naweza kuyataja kwa mpango walivyokaa, tangu nyuma ya kichwa cha gari hadi bodi la nyuma, na hata la mtoto aliyekuwa bado tumboni, maana alizaliwa wiki ileile. Lakini siyaandiki. Wajukuu zao ndio majirani zangu, na jambo ninalolisema ni langu mwenyewe.

Nilizaliwa juu, Newala, na aliyezaliwa juu enzi zile anajua maji ni kitu gani. Ardhi ya kule ni mchanga. Mvua ikinyesha inanywewa kabla mtu hajatoa sufuria nje. Chemchemi ziko chini ya genge, ule mteremko mkali wa ukingoni. Tulishuka alfajiri na debe tupu, tukapanda na debe limejaa, jua limeshachoma, na njia yenyewe ni ya kushika mizizi kwa mkono mmoja. Mama yangu alinifundisha kuziba debe kabla hajanifundisha kusonga ugali. Sisi hatukulikata debe juu lote kama wafanyavyo wengine. Tuliliacha na mdomo wake mdogo, tukachukua kipande cha kaniki, tukakisugua nta ya nyuki karibu na moto mpaka kikawa kama ngozi, tukaufunika mdomo, tukakaza kwa mpira wa baiskeli, halafu ukingoni tukapaka nta nyingine kwa kidole gumba, kuzunguka na kuzunguka. Debe likikuponyoka likabingirika hadi kichakani, unaliokota na maji yake yote. Ukitaka kumnywesha mtoto njiani, hufungui. Unatoboa kitambaa kwa mwiba, unapitisha bua jembamba, mtoto anafyonza, akimaliza unaziba lile tobo kwa nta.

Nilipoolewa nilishuka. Mume wangu alikuwa mtu wa bondeni, upande wa Masasi, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Chiungutwa. Nyumba yao ilikuwa juu ya kijito. Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua mia na kidogo. Nilizihesabu siku ya kwanza, nikazihesabu tena jioni nikidhani nimekosea. Wiki nzima nilikuwa naoga mara tatu kwa siku mpaka wakanicheka. Mama mkwe wangu alikuwa Mmakua na mimi Mmakonde, tukikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuma.

"Wewe mtu wa juu," alikuwa akiniambia, "unaziba debe kama mtu anayeficha asali. Kijito kile pale. Kitakwenda wapi?"

"Nimezoea, mama."

"Mazoea mengine ungewaachia wenyewe huko."

Lakini sikuacha. Hata pale majini nilikuwa naziba, na wanawake wote wa bondeni walijua mziba huyo ni nani.

Kisha vita vya ng'ambo ya Ruvuma vikapamba moto. Mto ulikuwa mbali nasi, lakini siku nyingine tulisikia mlio kama mtu anapiga mlango wa mbao kwa ngumi, mbali, na ndege ya Mreno tuliiona mara mbili. Ikaja amri ya vijiji. Wakasema bondeni watu wametawanyika mno, si salama, na shule haiwezi kumfuata kila mtu porini. Kijiji kimepimwa juu, kando ya barabara ya Newala. Juu. Niliposikia neno hilo nilikaa chini. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge, upande wa Lindi, na barua kumfikia ilikuwa kazi ya mwezi. Nililia siku tatu mbele ya kila mtu, sikuona haya. Mama mkwe hakulia. Alikwenda kwenye kaburi la mumewe nyuma ya mikorosho, akalifagia, akarudi, akaanza kufungua kamba za kitanda chake. Halafu akazifunga tena. Alizifungua na kuzifunga siku ile mara nyingi.

Lori lilikuja asubuhi. Liliongozwa na mkuu wa mgambo, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, naye pia mtu wa juu kwa kuzaliwa; nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anakohoa maneno. Alikuwa na mgambo wawili wenye marungu. Dereva alikuwa mtumishi wa serikali kutoka bara huko, mrefu, mpole, na alikuwa mgeni kwenye malori. Kabla ya hapo, alituambia mwenyewe, alikuwa akiendesha gari dogo la petroli la ofisi. Alitusaidia kupandisha vyombo. Alipokwenda kijitoni kuchota maji ya kutia kwenye rejeta, alirudi haraka mno, akasimama na ndoo mkononi akitutazama.

"Hawa watu wana maji mlangoni," akasema. "Huko tunakowapeleka maji yako wapi?"

"Kazi yako usukani," mkuu wa mgambo akamjibu.

Maneno hayo ya dereva yalisikiwa na kila mtu. Yashike, kwa sababu yatarudi.

Nilijaza debe moja la maji ya kijito, nikaliziba kwa namna ya kwetu, nikalipakata. Mtoto wangu mgongoni. Nilikaa ubavuni mwa lori, upande wa tangi la dizeli. Mdomo wa tangi ulikuwa chini yangu kidogo, nje, nami nilikuwa nimening'iniza hapo kiroba changu cha mbegu ya mtama, maana ndani hapakuwa na nafasi. Tangi halikuwa na kifuniko. Kilipotea siku nyingi, wakawa wanashindilia tambara. Kila gurudumu likiingia shimoni, dizeli inaruka, inalowesha kiroba. Mbegu ya mtama ikinywa dizeli haioti tena. Nilikuwa napelekwa mahali nisipopataka, na sasa hata mbegu zangu zinauawa njiani.

Chiungutwa tulisimama, mkuu wa mgambo akaingia ofisini kugongewa muhuri karatasi yake. Nikamwita dereva.

"Baba, mafuta yako yanamwagika kwenye mbegu zangu."

Akaja, akatazama, akasikitika. "Samahani, mama. Una kitambaa kikavu? Kiweke hapo badala ya hilo tambara, nami nikifika nitatafuta kifuniko." Mara akaitwa kwa kelele kuja kuonyesha leseni yake, akakimbia.

Sasa mimi nikiambiwa weka kitambaa, ninaweka vipi? Sijui namna nyingine. Nilikuwa na kipande cha akiba chenye nta. Nikafuta mdomo wa tangi ukakauka, nikakifunika, nikakaza kwa mpira wa baiskeli mizunguko sita, nikapaka nta ukingoni, kidole gumba, kuzunguka na kuzunguka. Nikakinusa: hata harufu ya dizeli haitoki. Nilifurahi, nikwambie kweli. Ilikuwa furaha yangu pekee siku ile. Kisha nikateremsha mkeka wangu ubavuni, nikaufunga kwa kamba, ukafunika kiroba, ukafunika na mdomo wa tangi. Mkuu wa mgambo akatoka, akapiga bodi kwa mkono, tukaondoka.

Mwanzo lori lilikwenda vizuri. Baada ya maili mbili tatu nikasikia sauti chini ya paja langu. Ndu. Kama mtu amepiga debe tupu kwa kiganja, mara moja, basi. Nikadhani ni jiwe. Kitambo kidogo, ndu. Halafu injini ikaanza kuimba wimbo wa chini, ikawa inavuta kama mgonjwa anayekataa uji. Dereva akateremsha gia. Akateremsha tena. Lori likatembea mwendo wa bibi harusi, mwisho likakohoa na kuzima.

"Limeshiba, linacheua," akasema mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia.

"Si kushiba," mwanamke mwenye mimba akamjibu, "ni kitanda cha bibi huyu. Kina mizimu ya ukoo mzima."

Mama mkwe akasema, "Mizimu yangu ina akili. Imeona tunakopelekwa."

Tulicheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

Dereva alifungua boneti. Akatazama filta ya hewa, akaikung'uta vumbi. Akafungua kijiskrubu juu ya filta ya mafuta, akaanza kusukuma pampu ndogo kwa kidole. Alitueleza, maana tulikuwa tumeinama wote kumtazama, kwamba hapo dizeli hutoka na povu, likiisha povu unafunga. Haikutoka dizeli wala povu. Palisikika mvuto, kama mtu anavuta makamasi. Akapangusa jasho. Akafungua bomba linalotoka kwenye tangi, akalitia mdomoni, akapuliza kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ndani ya tangi kukachemka, bulubulubulu.

"Uchafu," akasema kwa furaha, akitema dizeli. "Bomba liliziba. Limezibuka."

Akafunga, akasukuma pampu, dizeli ikaja, povu likaisha, injini ikaitika kwa mara moja. Tukaenda. Na kweli lilikuwa na nguvu, utasema jipya. Maili mbili. Kisha, chini ya paja langu, ndu.

Mara ya pili alipuliza tena. Mkuu wa mgambo alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Tangi hili lilioshwa juzi. Nilikuwapo. Uchafu umeingiaje?"

"Sijui, ndugu mkuu. Labda barabarani."

"Barabara inaingia kwenye tangi?"

Dereva aliinama tena kwenye bomba. Alikuwa na dizeli kidevuni. Nami nilikuwa juu, mkeka wangu umening'inia, nikifikiri nimelisaidia tangi lile kwa kulifunga lisiingie vumbi. Naapa ndivyo nilivyofikiri.

Tulipoanza kupanda genge lenyewe, barabara ikikunjana, lori lilipata kona moja, likapata ya pili, ya tatu likalia ndu, ndu, haraka haraka, likasimama kabisa. Kushoto ukuta wa udongo mwekundu, kulia shimo, na chini kule unaiona nchi yote ya Masasi na milima yake ya mawe imekaa kama vyungu vilivyofunikwa. Dereva akaruka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Aliporudi kuchukua spana, mkuu wa mgambo alikuwa ameshika mfuko wa spana.

"Hizi nakaa nazo mimi. Ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa hujuma. Gari linazima, unapuliza, linawaka, linazima. Unalizima mwenyewe. Asubuhi ulisema nini mbele ya wananchi? Nani kakutuma? Mreno anakulipa?"

"Mimi nina watoto wanne, ndugu mkuu. Acha niangalie tena."

"Umeangalia mara mbili. Mara ya tatu unaangalia nini, kama ndege inakuja?"

Akamkalisha juu ya jiwe kando ya gurudumu, mgambo mmoja mbele yake na rungu. Mgambo wa pili akapewa baiskeli iliyokuwa juu ya mizigo yetu, aende Newala kuita askari. Sisi tukaamriwa tusishuke. "Mtu akishuka nitahesabu kwamba anatoroka." Watu kumi na tisa, juu ya chuma, jua katikati ya kichwa. Kuku wakaanza kufungua midomo. Dereva pale chini alikuwa amevua kofia, anaikunja, anaikunjua. Wakati ule mtu aliyeitwa mhujumu hakuulizwa mambo mengi. Tulijua mtu mmoja wa Nanganga aliyechukuliwa kwa neno hilohilo, na mkewe alikuwa bado akipika chakula chake kila jioni.

Juu ya lori, minong'ono ilianza. Askari wakija watamchukua dereva. Wakimchukua dereva, gari nani ataliendesha? Hakuna. Itabidi watuache hapa, na kutoka hapa kurudi bondeni ni siku moja ya kushuka. Mzee wa kwenye magunia akasema kwa Kimakua, taratibu, kwamba nyumba zetu bado hazijachomwa. Mama mkwe akafumba macho, na mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukalegea.

Mtoto akaanza kulia kiu. Nikavuta debe, nikatoboa kitambaa kwa mwiba, nikapitisha bua, nikampa. Akafyonza. Akafyonza tena kwa nguvu, maji yakawa yanakuja kidogo, kidogo, akakasirika, akafyonza kwa shavu lote.

Ndu.

Ubavu wa debe ulikuwa umeingia ndani, umebonyea. Nikalitazama. Sauti ile ile, ila ndogo. Nikachomoa bua, debe likavuta pumzi kupitia lile tobo, fyuu, ubavu ukarudi, ndu. Mambo hayo niliyajua tangu utoto. Nyumbani kwetu tulisema debe linataka kupumua. Ukitaka maji yaje, unalegeza bua kidogo lipumue, kisha mtoto anaendelea. Nilikuwa nimelinyima lori pumzi. Dereva alipopuliza lile bomba, hakuzibua uchafu wowote. Alilipa tangi pumzi ya kinywa chake, likaenda maili mbili za pumzi hiyo.

Nikamsogelea mama mkwe. Nikamweleza sikioni. Nilidhani hataelewa, lakini alikuwa ameniona nikiziba madebe miaka yote ile.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza bila kufumbua macho.

"Hakuna."

"Basi umeze."

"Mama, watamchukua yule."

"Nimemzaa mimi? Mimi nina mtu wangu yuko kule chini peke yake, na sijamaliza kumfagilia." Akanishika mkono, kucha zikaingia. "Na wewe uliyelia siku tatu. Nenda kawaambie ni wewe uliyefunga mdomo wa gari la serikali kwa nta. Waambie hukukusudia. Nani ataamini? Gari likifa, mkamwana wangu, sisi tumepona. Kunywa maji, unyamaze."

Na alisema kweli. Kila aliyekuwa juu ya lori aliniona nikilia, na kuziba kwa namna ile hakuna mwingine aliyekujua ila mimi. Nikitazama chini ya genge niliona mti mmoja mmoja wa njia ya kurudi. Hatua mia na kidogo. Nikitazama kando ya gurudumu, naona kofia inakunjwa na kukunjuliwa. Sikuwa na mahali pa kuweka macho. Nikayaweka kwa mtoto, na mtoto akaanza kulia tena kwa sababu debe limegoma.

Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nasikiliza kama kengele ya baiskeli inarudi. Mwisho nikasema kwa sauti, "Ndugu mkuu, mtoto kachafuka. Naomba nishuke nimsafishe."

Mama mkwe akaachia mkono wangu.

"Hapo hapo ubavuni," mkuu wa mgambo akasema. "Usivuke gari."

Nilishuka na debe. Nilimwomba mgambo ruhusa nimpe mtu yule maji, akageuza uso, akasema mpe upesi. Nikapiga magoti mbele ya dereva kama tunavyofanya tukimpa mtu maji, nikamshikia bua.

"Baba, tangi lako halipumui," nikanong'ona. "Mimi ndiye niliyeliziba. Nililiziba kama maji."

Alikuwa anafyonza. Akaacha. Alinitazama, kisha akatazama mkeka uliokuwa umening'inia, kisha bua mkononi mwangu. Niliona maana inamfikia.

"Limekazwa sana?" akauliza polepole.

"Hata harufu haitoki."

Akafumba macho. "Mimi mjinga," akasema. "Lenyewe lilikuwa linavuta makamasi mbele ya uso wangu." Halafu akanong'ona, "Mama, usimwambie huyu. Atakuweka hapa nilipo mimi. Rudi, legeza kidogo tu, chini ya mkeka. Nitaomba kujaribu tena."

Nikarudi ubavuni mwa gari, nikajifanya nampangusa mtoto, nikaingiza mkono chini ya mkeka. Ule mpira niliuzungusha mara sita. Niliufungua mmoja, wa pili, vidole vinateleza kwa jasho. Nilipoinua ukingo wa kitambaa kwa kucha, tangi lilivuta pumzi. Sikutegemea sauti kubwa vile. Fyuuuuu, ndefu, kama mtu aliyekuwa chini ya maji, na mwisho wake, NDU, ubavu wa tangi ukarudi mahali pake, lori zima likatikisika, kuku wakaruka.

Mkuu wa mgambo alifika kabla sijautoa mkono. Akainua mkeka. Akauchukua ule mkono wangu, akaukunjua, akatoa kitambaa. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye nta, kuzunguka. Akakinusa.

"Huyu ni mtu wa juu," akasema.

"Ndiyo, ndugu mkuu. Shikamoo."

Sijui kwa nini nilimwamkia pale. Hakuitikia. "Wa wapi juu?"

Nikamtajia kijiji, nikamtajia chemchemi tuliyokuwa tukichota. Mdomo wake ulikuwa unacheza kama anayetafuna. Chemchemi ile ina hatua za kuchongwa kwenye mwamba, na kila mwenye mama juu kule anazijua kwa nyayo.

"Nilikuwa naokoa mbegu," nikasema. "Dizeli ilikuwa inaruka. Huyu baba hana kosa. Hakuna aliyetumwa. Ni mimi, nimeziba nilivyofundishwa."

Dereva alikuwa amesimama, mgambo hana habari naye tena. Watu wote kumi na wanane walikuwa wameinama juu yangu. Sikuwatazama.

"Washa," mkuu wa mgambo akamwambia dereva, akamtupia mfuko wa spana.

Halikuhitaji spana. Alisukuma pampu mara chache, likawaka. Akaweka kitambaa changu mdomoni mwa tangi tena, lakini kwanza akakitoboa kwa msumari. Kona ya tatu, ya nne, ya tano, lori lilipanda likinguruma bila kuchoka. Tulikutana na askari kwenye gari lao, wanateremka, mgambo na baiskeli nyuma. Mkuu wa mgambo aliwapungia kofia akacheka, akawaambia ni filta tu.

Nilidhani nitaadhibiwa. Ilikuja adhabu nyingine. Tulipofika kwenye kijiji kipya, ambacho kilikuwa mistari ya vijiti mchangani na namba, mkuu wa mgambo alitukusanya, akanisimamisha mbele. Akasema mama huyu ameliokoa gari la umma. Akasema bila yeye mngelala njiani, labda mngerudi nyuma, mpigieni makofi. Wakapiga. Mzee wa kwenye magunia alipiga, mwenye mimba alipiga, wananitazama kifuani, hakuna aliyenitazama usoni. Mama mkwe alikuwa anafungua kamba za kitanda. Hakupiga. Dereva alipita karibu akiwa anaondoka, akasema, "Mama, Mungu akulipe," nami nikamwambia, "Nenda, baba, usisimame hapa." Sikutaka anishukuru pale.

Kesho yake alfajiri nilishika debe la mtu mwingine, nikashuka genge kuchota maji. Mizizi ilikuwa ile ile, imekuwa laini zaidi tu kwa mikono.

La kwangu nililiacha kiwanjani, lile la maji ya kijito. Lilitufaa siku sita. Siku mbili za mwanzo mama mkwe hakunywa kwangu wala kula kwangu. Ya tatu, nimekaa mlangoni mwa kibanda cha nyasi tulichokisimamisha, nachambua mbegu za mtama, zile zilizopona, akasema kutoka kitandani, "Nipe maji ya kwetu."

Nikamletea debe, nikapitisha bua. Akafyonza, likalia ndu. Akanitazama. Nikachukua mwiba, nikatoboa tobo la pili upande wa pili wa kitambaa, nikashika tu, maji yakamjia mfululizo mpaka akaniashiria basi.

Hakurudi bondeni tena, wala sikurudi mimi. Alikuja kufia hapa juu na hapa tulimzika, kwenye mchanga, mbali na mumewe. Kijito mume wangu alikwenda kukiona mara moja, akakuta mikorosho imeota mpaka majini. Lakini kabla hajafa, miaka yote mama mkwe aliyoishi katika kiwanja chetu kando ya barabara, kila lori lilipopanda genge aliacha alilokuwa akifanya, akageuza sikio. Alisikiliza mpaka linapita mlangoni kwetu, vumbi linatulia. Kisha akasema, bila kunitazama, kwa Kiswahili chake kile kile:

"Hilo nalo linapumua."

Nami nikajibu, "Ndiyo, mama."